Mgonjwa wa Mfano

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi! Miezi minane ya kukaa nyumbani, kupika, kufua, kuambiwa "tutakupigia" — imekwisha. Mkuu wa Mauzo. Nimeiandika nione inavyokaa kwenye karatasi. Inakaa vizuri.

Kampuni iko ghorofa ya nne. Lifti mbovu, tena wanasema mbovu tangu zamani, kwa hiyo ni ngazi tu. Watu ishirini na wawili, wengi wao watengenezaji wa programu, visikizio masikioni, ukiwasalimia wanaitika kwa nyusi. Tunauza mfumo wa kompyuta kwa hospitali. Daktari anaandika dawa kwenye skrini badala ya kadi, nesi anaisoma wodini. Basi. Bosi ndiye aliyeianzisha kampuni, ni mdogo kwangu kwa miaka tisa, ananiita dada mkubwa na haongei mpaka awe anatembea.

Nimepewa ofisi ya aliyenitangulia. Alifariki Januari. Kwenye usaili hakuna aliyenigusia! Nimeambiwa leo na dada wa mapokezi wakati ananipa ufunguo, kama mtu anayenielekeza choo kilipo. Koti la marehemu bado liko nyuma ya mlango. Kiti chake kimelalia upande wa kushoto. Nimekaa, na siku nzima nimelalia kushoto.

Mimi si mtu wa mashetani. Naandika tu.

Jumanne, 4 Machi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi kimetokea kisanduku kwenye kona ya skrini. Kumbusho. Neno moja tu: "Umewaambia?"

Chini yake vitufe viwili: Ahirisha, Ondoa. Nimebonyeza Ondoa, nikaendelea na yangu.

Simu ya mezani imelia mara nne na mara zote nne wanamtaka yeye. Nikisema amefariki wananipa pole kana kwamba nilikuwa mkewe. Nimezipokea. Ningefanyaje?

Alhamisi, 6 Machi

Limetokea tena. Jana pia. Saa ile ile, neno lile lile.

Nimemwita anayeshughulikia mitambo ya ofisi. Amechungulia, akajikuna kichwa. Anasema liko kwenye kalenda ya idara, linajirudia kila siku ya kazi tangu Desemba, na wa kulifuta ni aliyeliweka, kwa nywila yake. "Na mwenyewe ndiyo hivyo tena," akasema, akacheka peke yake. Halafu akaona haya.

Nimewauliza watu wangu wa mauzo: awaambie akina nani? Nini? Wameangaliana. Mkongwe wao, mama mmoja mwenye sauti ya redio, ndiye aliyefungua mdomo, na hata yeye hakujibu swali. Kasema marehemu walikuwa wakimwita Bwana Ndiyo. Hakuna mteja aliyewahi kusikia hapana kinywani mwake. Mfumo unaweza hiki? Ndiyo. Na kile? Ndiyo, bila shaka! Halafu anapanda huku juu kuwabembeleza mafundi wakitengeneze. Ndivyo tunavyouza hapa — ahadi kwanza, kitu baadaye.

Na mimi nilikotoka tulifanya vivyo hivyo, nisijitakase.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefundishwa demo. Bosi mwenyewe amenikalisha.

Tunaye Mgonjwa wa Mfano. Hana jina, ndivyo alivyoandikwa: Mgonjwa wa Mfano, mwanamke, miaka sitini na miwili, mwili wake unakataa penisilini. Unamfungua mbele ya wateja, unajifanya daktari mwenye haraka, unamwandikia penisilini. Skrini nzima inageuka nyekundu! Mlio unapigwa! Dawa inakataa kuandikika. Hata mimi niliyejua kinachokuja nimeruka kitini.

"Hapo ndipo wanaposaini," kasema bosi.

Kila mteja anaonyeshwa bibi huyu huyu. Miaka mitatu sasa anaandikiwa sumu na kuokolewa, anaandikiwa na kuokolewa. Nimemwonea huruma, ujinga mtupu.

Jumatano, 12 Machi

Demo yangu ya kwanza. Kliniki mbili kwa mpigo. Nimewamaliza!

Daktari mmoja mzee alikuwa anasinzia mpaka nyekundu ilipowaka. Akafungua macho, akasema hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Wameuliza kama mfumo unasoma majibu ya maabara moja kwa moja. Nimesema ndiyo. Unafanya kazi hata mtandao ukikatika? Ndiyo. Kwa simu? Ndiyo.

Ya tatu nilikuwa sina uhakika nayo.

Wakati wa kurudi mkongwe alikuwa ananitania ngazini, eti hongera Mama Ndiyo. Nikacheka. Tulikuwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, na pale yeye akaacha kucheka ghafla, akapanda zilizobaki kwa haraka. Sijaelewa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika taratibu.

Nimekwenda kujitambulisha kwa mteja wetu mkubwa. Hospitali kubwa, miezi mitano wanatumia mfumo wetu kwenye wodi za watu wazima. Nimepokewa na matroni, mama wa makamo, mfupi, kalamu tatu mfukoni, anatembea kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Kaniita mwanangu tangu salamu. Kanitembeza wodi kwa wodi. Kitanda, kompyuta, kadi. Kitanda, kompyuta, kadi. Nikamuuliza mbona kadi za karatasi bado zipo. Kasema walitaka kwanza wauzoee mfumo, sasa wameuzoea. Kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na nne mfumo unaingia wodi ya watoto na kadi zinaondolewa kabisa, hospitali nzima, kwa kuanzia huko huko kwa watoto.

Halafu kanishika mkono. Kasema nimpelekee bosi wangu salamu na shukrani. "Toka mashine zenu zije, mwanangu, hatujapata nyekundu hata moja! Hata moja! Ina maana watu wangu wanafanya kazi sawasawa."

Nikasema hongera.

Nikasema hongera, nikashuka hadi getini, na ndipo nilipoanza kuhesabu. Miezi mitano. Wodi sita. Hata moja?

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu amekuja kula na sisi. Ni nesi, ana miaka kumi na moja wodini, si hospitali ile. Nimemuuliza kwa kuzunguka, tunaosha vyombo: kwa miezi mitano, wodi sita, makosa ya kumwandikia mgonjwa dawa ambayo mwili wake unaikataa yanaweza kuwa sifuri?

Kacheka mpaka sahani ikamponyoka. Kasema kwao si chini ya mawili kwa wiki, na hao ni watu makini. Daktari amechoka, mgonjwa mpya, foleni. Kinachowaokoa ni kadi. Juu ya kadi kuna maandishi ya kalamu nyekundu, nesi anayaona kabla hajavuta dawa kwenye sindano.

Nikauliza, na kama kadi hakuna, kuna mashine inayopiga kelele?

"Vizuri zaidi, basi," kasema. Akafikiri kidogo. "Ila ukishazoea kupigiwa kelele, dada, ukimya unauona ni ruhusa."

Akaendelea kusuuza vikombe. Mimi nilibaki na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewahi kufika kuliko wote. Nimefungua mfumo, nikatengeneza mgonjwa wangu mwenyewe. Mwanamke, miaka sitini na miwili. Mwili wake unakataa penisilini. Kila kitu sawa na yule, isipokuwa si yule.

Nikamwandikia penisilini.

Skrini nyeupe. "Dawa imehifadhiwa."

Nikatengeneza wa pili, mwanamume. Imehifadhiwa. Wa tatu. Nikampa mtoto wa miaka saba, umri wa mapacha wangu, dawa tatu anazozikataa kwa mpigo. Imehifadhiwa, imehifadhiwa, imehifadhiwa. Nikarudi kwa bibi yetu wa mfano — nyekundu! Mlio ukajaa ofisi tupu, nikaziba spika kwa kiganja.

Saa tatu na dakika kumi: "Umewaambia?"

Sasa najua akina nani. Sasa najua nini.

Baadaye. Nimempata fundi mkuu jikoni, peke yake na kikombe chake. Mtu wa ndevu na sauti ndogo. Sikumzungusha. Nimemwambia nyekundu ni ya mgonjwa mmoja tu. Hakukataa. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Anasema aliichora kwa ajili ya demo. Mgonjwa yule tu, dawa ile tu. Ilikuwa iwe ya wiki mbili, halafu atapewa muda aitengeneze ya kweli. Zikaja kazi za wateja wengine. Ikaja miaka. Bwana Ndiyo mwenyewe hakujua, alidhani ilishamaliziwa siku nyingi. Desemba alipita hospitali ile, matroni akamshukuru kama alivyonishukuru mimi.

"Akarudi akaniuliza," kasema. "Nikamwambia. Siku ile ile akaweka lile kumbusho. Meza yangu iko nyuma ya ukuta wake. Kila asubuhi nilikuwa namsikia anabonyeza."

Nikamuuliza, alikuwa anabonyeza nini?

"Ahirisha."

Jumanne, 18 Machi

Bosi anajua. Bosi amejua tangu Desemba!

Tumeongea huku tunatembea, bila shaka, kwenye korido, mpaka mwisho na kurudi, mpaka mwisho na kurudi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kasema wiki kumi tu, dada mkubwa. Toleo jipya linakuja na nyekundu ya kweli ndani yake, tunaliweka kimya kimya, hakuna atakayejua kwamba ilikuwa haipo. Tukiwaambia leo wanavunja mkataba, na wengine wote wakisikia wanavunja. Watu ishirini na wawili wanarudi nyumbani. "Na wewe wa ishirini na tatu."

Nikasema Jumatatu wanaondoa kadi. Wodi ya watoto.

"Manesi wana macho," kasema.

Nikasema wameambiwa wayapumzishe, sisi ndio tuliowaambia! Akasimama. Mara ya kwanza namwona amesimama. Kasema Ijumaa ninakwenda pale kuwaonyesha madaktari wa watoto, nifungue Mgonjwa wa Mfano kama kawaida, na nisiongeze neno. Kisha akanigusa bega na kuniambia ninafanya kazi nzuri sana.

Nikasema ndiyo.

Mdomo wangu mwenyewe! Ulisema kabla yangu.

Jumatano, 19 Machi

Kumbusho. Sikuthubutu kubonyeza Ondoa. Nikabonyeza Ahirisha. Nyuma ya ukuta nikasikia kiti cha fundi kinalia.

Dada wa mapokezi kaniletea chai bila kuombwa. Kafunga mlango, kaliangalia lile koti, akasema yaliyomkaa rohoni. Siku aliyofariki, marehemu alitoka kabla ya saa nne, amekumbatia laptopu, bila koti. Akamwambia, nikiulizwa nimekwenda hospitali. Dada akadhani anajisikia vibaya, akamwombea heri. Dakika mbili baadaye wakasikia kishindo. Kibaraza cha ghorofa ya tatu. Moyo.

"Kumbe alikuwa anaumwa kweli," kasema dada, akajifuta macho.

Sikumwambia kwamba hakuwa anaumwa. Hakuwa anajua kwamba anaumwa. Alikuwa anakwenda kuwaambia! Mwezi mzima na zaidi aliahirisha, siku aliyoamua hakumaliza ngazi.

Napita pale mara nne kwa siku. Leo nimepita nimeshika ukuta. Niliposhuka jioni nikasikia hatua nyuma yangu, nzito, taratibu, mtu aliyebeba kitu. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikasimama na hatua zikasimama, nikajua ni zangu.

Naogopa. Naliandika neno lenyewe: naogopa. Si yeye. Naogopa jinsi kiti kile kinavyonikaa vizuri sasa.

Alhamisi, 20 Machi

Limetokea. Ahirisha.

Chakula cha jioni nimemwambia Baba Mapacha yote. Amesikiliza bila kunikatiza, hiyo peke yake si kawaida yake. Halafu akataka kunichekesha, eti, "Huyo marehemu angalau analeta ujumbe kwa wakati, wateja wangu mimi hawajibu hata nikipiga." Sikucheka. Akaacha.

Kasema kwani wewe ndiye uliyeichora ile nyekundu? Wewe umeikuta. Kaa wiki kumi, Mama Mapacha, tumehangaika miezi minane, umesahau? Sijasahau. Namwelewa, na ninamchukia mtu anayeniambia ukweli ninaoutaka.

Mapacha walikuwa wanagombania rula chini ya meza. Mmoja akaja kunishtakia, nikampapasa kichwa, nikaona mkono wangu hautoki kichwani kwake.

Baba Mapacha akauliza, ni wodi gani umesema?

Nikamwambia tena.

Aliondoa sahani, akatandika blanketi mezani, akanipigia pasi nguo za kesho. Zote, hata ile skafu ambayo haihitaji pasi. Kwenye kola alikaa muda mrefu sana.

Ijumaa, 21 Machi

Niko hospitali. Benchi la korido, nje ya chumba cha mikutano, wodi ya watoto. Nimeomba dakika kumi. Saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika kumi na tatu. Simu inatetemeka kwenye mkoba. Bosi. Imeacha. Bosi tena.

Niandike kwa mpangilio, mwandiko utanisamehe.

Tulianza saa tatu kamili. Madaktari sita, matroni, mapazia yamefungwa, projekta inapiga ukuta mzima. Nimefanya yote. Nimewatania, wamecheka. Nimemfungua Mgonjwa wa Mfano. Nimemwandikia penisilini na ukuta umewaka nyekundu mpaka nyuso zao zote zikawa nyekundu. Daktari mmoja, msichana kabisa, akapiga makofi. Matroni akawageukia kama mama mwenye harusi: si niliwaambia?

Nikauliza kama kuna maswali. Nikaiangalia saa — nilikuwa nimesahau! Siku zote hizi, na leo nimesahau kulizima lile kumbusho!

Likatokea. Ukutani, juu ya ile nyekundu, kubwa kama mlango.

"Umewaambia?"

Matroni ndiye aliyelisoma kwa sauti. Akacheka. "Atuambie sisi? Nini tena, mwanangu, kuna zawadi?" Wote wakacheka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ahirisha kilikuwa kushoto, pale pale. Nilikisikia kile kiti cha ofisini mgongoni mwangu, naapa, nimesimama na bado nilikuwa nimelalia kushoto.

Sikubonyeza. Nikasema naomba dakika kumi, nikatoka. Laptopu nimeiacha ndani. Lile neno liko ukutani hadi sasa hivi.

Hapa koridoni kuna mama mwenye mtoto, wa kike, miaka sita au saba, soksi moja imeshuka. Karani wa kumbukumbu anapita na boksi, anakusanya kadi kabla ya Jumatatu. Mama alisita kuitoa yake. Akamwonyesha kwa kidole juu ya kadi, na haya maandishi mekundu je? Karani ni mpole, hana kosa. Kasema, "Usihofu, mama. Yamo kwenye mashine. Mashine itapiga kelele yenyewe."

Mama akaitoa.

Kisha karani akaliweka boksi sakafuni, karibu na mguu wangu, akaingia stoo kutafuta gundi ya karatasi. Kadi ilikuwa ya juu kabisa. Kalamu nyekundu, mistari miwili chini yake: ASIPEWE PENISILINI.

Nimeichukua. Iko mapajani, nimeiwekea daftari hili juu yake ili niandikie.

Kama nikisema, kesho sina kazi. Mapacha, ada, miezi minane mingine. Ishirini na wawili. Fundi mwenye sauti ndogo. Dada wa mapokezi na chai yake. Kama nisiposema nitarudi, nitapanda ngazi, nitakaa. Saa tatu na dakika kumi. Kila siku ya kazi. Na huyu mwenye soksi —

Simu tena. Nimeizima.

Mlango umefunguka. Matroni. Nyuma yake naliona lile neno, limemwangukia mabegani. Ananitafuta kwa macho, tabasamu bado lipo. Ameniona. Ameiona kadi.

Kauliza, "Mwanangu, hiyo si ya kwenye boksi?"

Tabasamu halipo tena. Amekuja, amekaa kando yangu kwenye benchi, kalamu zake tatu zimegusa mkono wangu. Anasubiri nimalize kuandika.